Sanduku la Kipupwe

Tulimwita Dereva. Jina alikuwa nalo, liliandikwa kwenye kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwake, lakini hakuna aliyelitumia. Mimi nilimwita Baba. Kwa miaka saba alitupeleka kazini na kuturudisha katika basi dogo jeupe la kampuni ya usafi, wanawake kumi na wawili kutoka vyumba vya kuchangia vya Discovery Gardens, Dubai. Katika miaka hiyo yote sikuwahi kumwona akiwasha gari bila kwanza kulizunguka na kulipiga kila tairi teke moja la upole, kama mtu anayeamsha ng'ombe wake.

Nianze na sanduku, maana ukimuuliza yeyote aliyepanda basi lile atakutajia sanduku kabla ya kumtaja mtu. Lilikuwa la plastiki, la kijivu, mfuniko wake wa buluu, na lilikaa nyuma ya kiti cha mwisho ambako madereva wengine huweka ndoo na mifagio. Miezi ya joto lilibeba maji na spana tu. Lakini kila mwaka ukifika mwezi wa kumi na moja, asubuhi ya kwanza ambayo ungeweza kufungua dirisha bila hewa kukuunguza uso, alilishusha pale maegesho, akatoa kila kitu, akalifuta kwa kitambaa chenye siki, kisha akatutangazia kwa sauti ya mwadhini:

"Kipupwe kimeingia! Hili ndilo sanduku la kipupwe, na nakwambieni, ndilo la mwisho. Kipupwe kijacho mie niko kwetu."

Kwao ni Unguja. Sisi tulicheka mara mbili. Kwanza tulicheka hilo neno. Mimi ni mtu wa Njombe. Kwetu mwezi wa sita umande unaganda juu ya majani, na neno lake ni moja tu, baridi. Kipupwe nililiimba darasa la nne pamoja na masika na vuli, nikalisahau siku ileile ya mtihani. Kumsikia mtu mzima akilitumia Dubai, huku mimi nimevaa kandambili na blauzi nyepesi na yeye amejifunika kofia ya sufu mpaka masikioni, kulinichekesha kila mwaka upya.

Pili, tulicheka hilo la mwisho. Mwaka nilioanza kazi aliniambia sanduku lile lilikuwa la mwisho. Mwaka wa pili vilevile, na wa tatu. Wambui, Mkenya niliyekaa naye chumba kimoja, hakuwa mtu wa kuzungusha maneno.

"Mzee, hii mwisho yako iko na spea ngapi?"

Dereva alicheka nasi. Ilinichukua miaka minne kujua kwamba jambo hilo la kwenda kwao lilikuwa linamla, na kwamba ndilo jambo pekee duniani ambalo hakuwa amejiandaa nalo.

Maana mengine yote alijiandaa nayo. Kulipanga sanduku lile kulikuwa na sheria, na sheria kubwa ilikuwa hii: cha kwanza kuhitajika kinakaa juu. Chini kabisa aliweka sepetu fupi na kamba ya kuvutia gari. Zikafuata waya za kubusti betri, pampu ya upepo, na kipande cha zulia kuukuu cha kutandika chini ya tairi likizama mchangani. Kisha maji, tende, na kifuko cha sukari na chumvi alichokiandika kwa mkono wake "SI YA CHAI", kwa sababu kuna mwaka mtu alikitia kwenye chai. Tochi aliitoa betri na kuzifunga pembeni, zisijimalize bure. Palikuwa na fulana za manjano zinazong'aa zikimulikwa, filimbi, bandeji, chaja ya simu, na kandambili jozi tatu za siku ile moja ya mvua inayogeuza barabara kuwa bwawa. Juu ya hivyo zilikaa khanga mbili, blanketi mbili, na juu kabisa chupa ya chai ya tangawizi aliyoijaza kila alfajiri.

"Khanga za nini tena, Baba?" nilimuuliza mwaka wa kwanza.

"Ah, mwanangu, nawe mwanamke waniuliza mie? Khanga ni bandeji. Khanga ni kamba. Mmoja wenu akibanwa na haja njiani, khanga ni choo chake. Na Mungu apishe mbali, khanga ni sanda. Kitu gani kingine duniani kina kazi nne?"

Alikuwa mbishi wa methali. Ukimwambia akiba haiozi alikukatiza: "Nani kakwambia? Onja hayo maji yaliyokaa garini tangu mwezi wa nane, kisha uje uniambie haiozi." Ndiyo maana alibadilisha maji kila wiki mbili, na ya zamani akamwagilia mchicha alioupanda kwenye kopo nje ya chumba chake. Methali aliyoiamini ilikuwa ya kwake mwenyewe, na aliisema kila mtu alipolalamika kwamba sanduku linakula nafasi: "Gari haiharibikii gereji."

Mtu huyohuyo miwani yake ilishikiliwa na uzi mweusi. Chaja ya watu wote ilikuwemo sandukuni, ila simu yake ilizima kila siku kufika adhuhuri. Angekupa blanketi hata kama hakujui, lakini ukiwa na njaa ya kawaida ukagusa tende zake, alikupiga kofi mkononi na kusema hiyo si dharura, hiyo ni tamaa. Alichunga mwendo barabarani mpaka malori yakatupigia honi, halafu akishuka alivuka barabara bila kutazama upande wowote. Wambui alikuwa akifumba macho.

Wambui ndiye aliyelicheka sanduku kuliko wote, na ndiye aliyenyamaza kwanza. Ilikuwa asubuhi ya Januari, tunaelekea kwenye nyumba za matajiri upande wa jangwani, ukungu ukashuka mzito hata taa zetu wenyewe hatukuziona zinapoishia. Dereva alitoka taratibu barabarani mpaka kwenye uwanja wa changarawe, akazima gari, akatushusha wote, akatupeleka mbali nyuma ya vyuma vya kingo za barabara. Tukagawana fulana za manjano. Ndipo tukasikia kishindo barabarani, kisha kingine, kisha vingi. Wambui alianza kutetemeka, na haikuwa baridi tu. Dereva akamfunika blanketi, akammiminia tangawizi kwenye kifuniko cha chupa.

"Kunywa. Usisikilize huko. Hesabu wenzio, niambie tuko wangapi."

Wambui akahesabu. Tulikuwa kumi na watatu pamoja na Dereva. Simu ikalia, msimamizi wetu.

"Yalla, yalla, haraka! Mko wapi? Madam anapiga simu kila dakika!"

"Tuko pembeni, sir. Wote wazima. Ukungu ukipanda tunakuja, inshallah."

"Wenzako mbona wamefika?"

"Alhamdulillahi, sir, kama wamefika."

Katikati ya ukungu alitokea mwanamume mmoja anatembea bila viatu, damu inamtoka kwenye paji la uso, anauliza kwa Kiarabu saa ngapi. Dereva alimfunga kichwa kwa khanga, akamvisha kandambili, akamkalisha. Wiki ileile alipewa barua ya onyo kwa kutuchelewesha. Aliikunja vizuri akaiweka sandukuni, akasema karatasi kavu ni kitu cha maana, siku moja itawashia moto. Sikuwahi kumsikia Wambui akicheka sanduku tena, na mwaka uliofuata alinunua tende kwa hiari yake.

Lile zulia nalo lina kisa chake. Siku moja ya mapumziko alitupeleka mchangani kuchoma nyama, tukakuta gari kubwa la bei limezama hadi mlangoni, na arbab, tajiri mwenyewe, kijana wa kanzu nyeupe pe, amesimama anatazama matairi. Dereva alichimba, akatandika zulia lake, gari likatoka na zulia likachanika vipande viwili. Kijana yule alishukuru sana, na baada ya siku chache akamletea zulia jipya, zito, lina nakshi za maua. Tulidhani litaingia sandukuni. Wapi! Dereva aliligusa, akalinusa, akasema zulia la namna hii kulikanyagisha tairi ni dhambi. Akawa analiswalia. Kisha akatumia Ijumaa tatu sokoni Deira, akizunguka nyuma ya maduka ya mazulia, akiomba kipande kibovu. Kila walipompa kizuri alikikataa.

Sasa nifike kwa mwenye nyumba.

Kila Ijumaa baada ya swala alikaa peke yake garini na simu, na akishuka alisema, "Nimesema na mwenye nyumba." Siku nyingine: "Mwenye nyumba leo kanuna." Kwa mwaka mzima tuliamini ni yule anayempangisha chumba, na tulimwonea huruma. Mwenye nyumba gani huyu anayetaka kuzungumza kila wiki? Wambui akamtafutia chumba kingine mtaa wa Karama, akaja na habari hiyo kwa furaha.

"Mzee, hama tu. Huyo landlord wako ni msumbufu sana."

Dereva alicheka mpaka akavua miwani kufuta macho. Ndipo tukajua kwamba anayemzungumzia ni mkewe. Kwa watu wa rika lake haikuwa adabu kumtaja mke kwa jina mbele za watu, na nyumba ile ya Unguja, kwa kweli, mwenyewe alikuwa huyo mama. Alikuwa amekaa humo peke yake miaka mingi.

Mwaka wangu wa nne nilikuwa nimepanda cheo, nilikuwa msaidizi wa sanduku. Namshikia vitu, yeye anapanga. Kwa uchokozi tu nikamuuliza:

"Baba, hivi kwenu kipupwe ni mwezi wa kumi na mbili kweli? Mbona sisi tulifundishwa ni wa sita?"

Mkono wake ulisimama juu ya blanketi.

"Wa sita," alisema. "Kwetu kipupwe mwezi wa sita, mpaka wa nane. Mwezi wa kumi na mbili kwetu jua la utosi."

"Sasa mbona huku unasema..."

"Ulimi ulihama, mwanangu. Mie mwenyewe s'jui lini."

Akakaa kwenye ngazi ya basi. Alinisimulia akitazama tochi aliyoishika. Mwaka mmoja kabla mimi sijafika Dubai, mkewe alimuuliza kwa simu atakuja lini, naye akajibu, n'nakuja kipupwe. Wakaagana kwa furaha. Yeye alikuwa na maana ya Disemba, baridi hii ya hapa, wakati kampuni hutoa ruhusa. Kwa miaka mingi alikuwa akiita hivyo, na hakuna mtu wa kumsahihisha katika gari lililojaa watu wa bara.

"Mwezi wa sita nimo humuhumu garini, joto la kufa mtu, simu inalia. Ananiuliza, 'Ndege yako imeghairi?' N'kamwambia, ndege gani? Akasema, 'Si ulisema kipupwe? Leo siku ya tatu nakwenda uwanja wa ndege.'"

Mama yule alikuwa amepaka chumba chokaa. Alikuwa ameshonesha godoro jipya la sufi. Alfajiri tatu mfululizo, kwa kuwa hakujua siku wala ndege, alisimama pale nje na khanga zake tu, katika upepo wa kipupwe, akitazama kila mtu anayetoka na begi.

"Ukamjibu nini, Baba?"

"Nikamjibu ujinga. Nikamwambia, bado, bibi, kipupwe ni Disemba. Akanyamaza. Nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, pole pole hivi: 'Kumbe unacho kipupwe chako.'"

Toka siku hiyo, kila Ijumaa mama yule alipokea simu. Alimweleza mvua ilivyonyesha, nani kaoa, nani kafa, kuku wangapi. Lakini unakuja lini, hakuuliza tena. Disemba ile Dereva alichukua ruhusa, akaenda Deira akanunua zawadi, akafunga begi, na siku ya safari akashindwa. Aliniambia hakujua angeingia vipi mlangoni. Ruhusa akairudisha. Mwaka uliofuata aibu ikawa ya miaka miwili, kisha mitatu, na kila mwaka alisubiri swali lile limfungulie njia, na swali halikuja.

Nilimpenda yule mzee, na kwa sababu nilimpenda alinikasirisha. Siku nilipoacha kazi ile, nilikuwa nimepata kazi ya kulea watoto kwenye shule ndogo Karama, aliomba anipeleke mwenyewe na mizigo yangu. Ilikuwa Novemba. Sanduku limeng'aa nyuma, na akaniambia, kama kawaida, kwamba hili ndilo la mwisho. Sijui nini kilinipata.

"Baba, wewe huna sanduku la safari. Hilo ni sanduku la kubaki hapa. Unaogopa tu."

Tukapita vituo viwili vizima vya treni.

"Gari ikizama mchangani," alisema mwishowe, "n'nachimba. Nyumbani n'tachimba na nini?"

"Na mdomo. Si ndio uliozama?"

Alishusha mizigo yangu, akaipanga ukutani, kizito chini, chepesi juu, na alichosema ni kunikumbusha nifunge mkanda nikipanda teksi. Nililala na maneno yangu wiki nzima. Mtoto wa watu nimemwambia mtu wa umri wa baba yangu kwamba ni mwoga! Nilimpigia mara mbili. Simu yake, bila shaka, ilikuwa imezima.

Ikapita miaka miwili sikumwona. Halafu mwezi wa sita uliopita nilikwenda Deira kupeleka mzigo wa mama yangu kwa wakala wa kusafirisha. Ilikuwa adhuhuri, joto lile ambalo hata paka wamelala chini ya magari na hawakusumbui. Kwenye kibaraza cha wakala, mbele ya feni, mzee mmoja amechutama mbele ya sanduku la kijivu lenye mfuniko wa buluu. Pembeni yake kuna sweta mbili mpya, blanketi, tochi na chupa ya chai. Kichwani kofia ya sufu. Vijana wa dukani walikuwa wanapeana viwiko.

"Shikamoo, Baba."

Aliinua uso. Miwani ilikuwa na uzi uleule.

"Marahaba, mwanangu! Umekuja wakati wake. Nishikie hii, kipupwe kimeingia."

Nilitazama barabara inavyometa kwa jua, nikatazama sweta. Nimewahi kuona wazee wanavyopotewa na akili, huanza hivihivi, na majira. Nikachutama karibu naye, nikazungumza kama ninavyozungumza na watoto wangu wa shule.

"Baba. Leo ni mwezi wa sita. Hapa ni joto. Umekula leo? Nani yuko nawe?"

"Mwezi wa sita, ndio. Kwani mie mwehu?" Alinitupia lile jicho kali alilomtupia kila aliyegusa tende. "Nimekwambia kipupwe kimeingia. Mwezi wa sita kinaingia nini?"

Nilikaa chini kabisa, palepale sakafuni. Vijana wa dukani hawakuelewa kwa nini mwanamke mzima kama mimi anacheka na kulia juu ya blanketi.

Alikuwa amekabidhi funguo za basi wiki ileile. Khalas, kazi imekwisha. Tiketi ilikuwa mfukoni mwa shati, alinionyesha, ya kesho kutwa. Nikamuuliza mwenye nyumba anajua? Akasema Ijumaa alikaa kwenye basi, siku yake ya mwisho nalo, akampigia. Mama akaanza habari za kuku. Akamkatiza.

"N'kamwambia, n'nakuja kipupwe. Akanyamaza, kama siku ile. Mie nikasema basi, imekwisha. Kisha akaniuliza."

"Akakuuliza nini, Baba?"

"'Cha wapi?'"

Alilirudia hilo mara mbili, cha wapi, cha wapi, akitikisa kichwa, kama mtu aliyeletewa kitu alichokitafuta miaka kumi.

"Ukamjibu?"

"Nikamwambia, chako."

Tukapanga sanduku. Nilimpa vitu kimoja kimoja, yeye akapanga, na sheria haikubadilika. Hapakuwa na sepetu safari hii, wala waya za betri. Chini aliweka lile zulia la maua la kuswalia, kisha tochi, betri zake pembeni, kisha sweta, moja yake na moja ndogo. Nikaona chupa ya chai nikaishika, nikijua ndiyo ya juu. Akaniashiria niiweke kando, akatoa ndani ya mfuko wa karatasi shali ya sufu, nzito, ya kijani kibichi.

"Atakuja kukupokea?" niliuliza.

"Kasema haji. Kasema kachoka kwenda uwanja wa ndege, niijue njia mwenyewe." Aliikunja shali mara nne, akaisawazisha kwa viganja vyote viwili. "Ndege inafika alfajiri. Siku zile alisimama pale na khanga tu. Weka hiyo juu kabisa, mwanangu."

Nikaiweka juu kabisa. Akafunga mfuniko.